Hataza ya Eolas haikustahili kutanuliwa hivyo
Wapo wanaosema kwamba hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya Marekani ya 1998 ya kampuni ya Eolas inamiliki kila programu jalizi, yaani programu ya ziada inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha wavuti. Hapana, haikustahili kusomwa hivyo. Madai ya hataza hiyo, yaani maelezo ya kile inachokilinda, ni mahususi: kivinjari kinasoma waraka, kinakuta kitu kilichopachikwa, kisha chenyewe kinaita programu ya nje ili mtumiaji akitumie kitu hicho humo humo dirishani. Ukiyatanua yameze kila kitu, yanaigusa pia Viola, kivinjari cha Pei-Yuan Wei kilichoonyeshwa 1993, kabla ya hataza kuombwa 1994, na hapo si uvumbuzi mpya tena! Microsoft iliamriwa kulipa takriban dola milioni 520 mwaka 2003 kwa kukiuka hataza hiyo. Lakini 2012, baada ya Tim Berners-Lee mwenyewe, mvumbuzi wa wavuti, kutoa ushahidi, jopo la raia mahakamani Texas liliyabatilisha madai, na rufaa ya 2013 haikuyaokoa.