Kisigino kinachouma kama msumari ukishuka kitandani asubuhi: mimi nilipona hivi

Dada yangu habari za saa hizi, nimesoma ulichoandika nikajiona mimi mwenyewe wa mwaka 2022. Umesema una miaka 41, una kibanda cha chakula Morogoro, unasimama toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tisa mchana, na asubuhi ukikanyaga tu chini kisigino cha kulia kinachoma kama umekanyaga msumari, ukitembeatembea kinaachia, ukikaa ukainuka kinarudi. Umeambiwa ni gauti ukaacha nyama na maharage miezi mitatu hakuna mabadiliko, ukachomwa sindano ukapata wiki tano za raha kikarudi vilevile, sasa unauliza uchome ya pili au uache biashara. Ntakujibu kwa kirefu, maana mimi niliteseka miezi kumi na karibu nusu ya hiyo miezi niliteseka kwa kutojua tu.

Mimi niko kwenye duka la vitambaa Kariakoo, kazi yetu ni kusimama, chini marumaru, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na stoo iko ghorofa ya tatu kwa hiyo ngazi ni kupanda na kushuka na majora begani. Mwaka ule nilikuwa nimefika kilo 91, nikaamua Januari nianze kukimbia asubuhi, sikuanza taratibu, nikaenda kilomita tano siku ya kwanza na raba zilizoisha soli. Mwezi wa pili mwishoni, nikisikia adhana ya alfajiri nashuka kitandani, mguu mmoja ukanikatalia kabisa, nikashika ukuta. Nikadhani nimechomwa na kitu, nikawasha taa nikaangalia unyayo, hamna kitu. Nilienda msalani nachechemea kwa vidole.

Na mimi niliambiwa gauti. Kila mtu hapa mtaani mguu ukiuma ni gauti. Lakini gauti kwa kawaida inakuja ghafla, mara nyingi kwenye kiungo cha kidole gumba cha mguu, panavimba pekundu, pana moto, hata shuka likigusa unalia. Haina tabia ya kuuma hatua za kwanza halafu kuachia ukishatembea. Na ile asidi ya yuriki, ile taka ya mwilini inayosababisha gauti, ikionekana imepanda kwenye damu peke yake haitoshi kusema una gauti, wapo wengi imepanda na hawajawahi kuumwa chochote. Kwa hiyo dada kama hujawahi kuvimba kiungo hata mara moja, rudi kwa daktari umuulize upya kuhusu hayo maharage, maana mtu anayesimama saa kumi kwa siku anahitaji kula.

Baadaye nikapiga eksirei, nikaambiwa mfupa umeota kwenye kisigino, una ncha. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimevunjika moyo, nikawaza kupasuliwa. Aliyekuja kunitoa hofu ni fizio mmoja, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, mama mtu mzima, akaniambia hiyo ncha watu wengi sana wanayo na hawaumwi, na wengine wanaumwa na hawana, kwa hiyo asilimia kubwa siyo yenyewe inayouma. Akanibonyeza kwa gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, pale kisigino kinapoanza kuingia kwenye upinde wa mguu, nikaruka. Akasema hii ni planta fashaitisi, na akanieleza kwa lugha ambayo mpaka leo naikumbuka.

Chini ya unyayo una ukanda mgumu, mfano wa mkanda wa begi, umeshika kwenye mfupa wa kisigino halafu unatawanyika mbele mpaka kwenye mizizi ya vidole vyote vitano. Ukipiga hatua na vidole vikakunjika, ule ukanda unakazwa kama kamba ya kuanikia nguo na upinde wa mguu unanyanyuka, ndo unapata nguvu ya kusukuma. Sasa ukiupa mzigo kuliko ulivyozoea, uzito, kusimama, kukimbia ghafla, vigimbi vilivyokaza, unachakaa pale ulipong'ang'ania mfupa. Usiku ukilala mguu unaelekea chini kama wa mtu anayechungulia kwa vidole, ukanda unajifupisha, unaanza kujiunga ukiwa mfupi, asubuhi unakanyaga kwa kilo zako zote unauvuta kwa nguvu palepale penye kidonda. Ndo ule msumari. Ukitembea unalegea kidogo, jioni umechoka tena unauma.

Nilivyoelewa hivyo nikaacha kutafuta dawa ya kuua ugonjwa. Hakuna mdudu pale. Kuna ukanda uliochoka, na ukanda haujengwi na kidonge.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni ile hatua ya kwanza ya asubuhi. Usikanyage chini kabla hujaunyoosha, hata kama haja imekubana subiri dakika mbili. Kaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaouma uweke juu ya goti la pili, shika vidole vyote kwa mkono uvute kuelekea kwenye ugoko mpaka usikie upinde umekaza, na mkono mwingine pitisha gumba chini ya unyayo, utausikia ukanda umetuna kama uzi mnene, hapo ndo umepatia. Hesabu mpaka kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya mara tatu kwa siku, ila hiyo ya kabla ya kushuka kitandani usiikose hata siku moja. Na ukishakaa muda mrefu, mfano umetoka kwenye basi au umekaa unachambua mchele, vuta tena kabla hujainuka.

Cha pili, usitembee peku ndani. Hapa ndo wengi tunajimaliza, sababu desturi yetu viatu vinaachwa mlangoni na nyumba siku hizi zote ni marumaru au saruji. Nilinunua sendo nene yenye kisigino kilichoinuka kidogo, ya ndani tu, haikutoka nje hata siku moja, nikaiweka pembeni ya kitanda. Kandambili zile bapa hazisaidii, ni kama uko peku. Kwenye kuswali nilikuwa natandika blanketi lililokunjwa chini ya mswala, na kikao cha tahiyatu kile cha kusimamisha mguu na kukunja vidole miezi ya mwanzo nilishindwa, nikawa nakaa ninavyoweza, dini imeturuhusu wenye udhuru. Cha ajabu nilivyopata nafuu kikao kilekile kikawa ndo zoezi langu, maana kinavuta ukanda huohuo mara tano kwa siku.

Vigimbi nyoosha pia, wengi wanasahau. Simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kimegandamana chini, goti limenyooka, egemea ukuta sekunde 30, kisha kunja goti kidogo bila kuinua kisigino, sekunde 30 tena. Mara tatu. Ile chupa ya nusu lita ya maji iliyogandishwa kwenye friji nayo nilikuwa naiviringisha chini ya unyayo jioni dakika kumi, nimevaa soksi, inatuliza sana. Inatuliza lakini haijengi, uelewe hivyo. Kama una kisukari na miguu imeanza kupoteza hisia, barafu usiguse, wala yale maji ya moto ya chumvi ambayo watu hushauri, unaweza kuungua bila kujua na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari ni jambo la kupoteza mguu.

Sasa kilichonigeuza mimi ni zoezi la ngazi, na nakuomba hili ulisome mara mbili. Unakunja taulo unaliweka kwenye ukingo wa ngazi, vidole vinakaa juu ya taulo vimekunjika kwenda juu, kisigino kinaning'inia hewani, umeshika ukuta. Unapanda kwa vidole polepole sekunde tatu, unakaa juu sekunde mbili, unashuka sekunde tatu. Mara 12, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu. Siku moja unafanya siku moja unaacha, siyo kila siku, ukanda unahitaji siku ya kujijenga. Mimi wiki mbili za mwanzo nilitumia miguu yote miwili sababu mmoja ulikuwa hauwezi, baadaye mmoja, baadaye nikavaa begi mgongoni na mfuko wa unga wa kilo mbili, nikawa napunguza idadi naongeza mzigo, kumi kwa mizunguko minne, halafu nane kwa mizunguko mitano. Unauma kiasi wakati wa kufanya, hiyo ni kawaida, kipimo ni kesho yake asubuhi, kama umeamka mbaya kuliko jana umezidisha, punguza. Fizio aliniambia zoezi hili lilipimwa Denmark kwa watu 48, ripoti ikachapishwa 2015, waliofanya hivi baada ya miezi mitatu walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliokuwa wananyoosha tu, ingawa ulivyofika mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Kwa mtu anayekula kwa kusimama hiyo tofauti ya miezi mitatu ni kubwa mno.

Viatu. Nilizunguka mitumba ya Karume wiki nzima. Unachukua raba unaikunja, ikikunjika katikati kama chapati achana nayo, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjika tu. Unaminya nyuma kwenye kisigino, iwe ngumu haibonyei. Soli iwe nene. Na ndani niliongeza soli ya mpira laini yenye kuinua upinde.

Uzito nao nilishusha, kilo saba kwa miezi minane, soda na chapati mbili za asubuhi ndo nilizoacha, sikufanya kingine.

Kuhusu sindano. Mimi nilichoma moja kama wewe, ya steroidi, nikapata kama mwezi, nikadhani nimepona nikarudi kubeba majora, ikarudi kwa hasira. Inapunguza maumivu kwa muda mfupi, hilo ni kweli kabisa, lakini haijengi ukanda, na ukirudiarudia inaweza kupunguza ile nyama ya mafuta iliyo chini ya kisigino ambayo ndo godoro lako, au ukanda wenyewe ukakatika. Ya pili nilikataa. We ongea na daktari wako, ila muulize wazi atakupangia mazoezi gani pamoja nayo, maana ukichoma ukarudi kwenye jiko na kandambili zilezile utakuwa umenunua wiki tano nyingine. Na vidonge vya maumivu vya diklofenaki nilimeza miezi miwili mfululizo bila kuandikiwa na mtu, tumbo likaanza kuwaka moto, nikaja kutibu tumbo kabla ya mguu. Usifanye hivyo.

Kuna mambo ukiyaona haya niliyoandika yaweke pembeni uende hospitali haraka: ganzi au kuwashwawashwa kama sindano chini ya mguu, kuuma usiku umelala tu bila kukanyaga, kisigino kuvimba au kuwa na moto na homa, au ukikiminya kwa pembeni kushoto na kulia ndo kinauma zaidi, hapo inawezekana mfupa umepata ufa. Na kijana mdogo anayeumwa visigino vyote viwili na mgongo unakakamaa kila asubuhi naye akachunguzwe.

Usitegemee wiki mbili. Mimi wiki tatu za kwanza sikuona kitu, nilitaka kuacha. Wiki ya sita kuna alfajiri nilifika msalani nikakumbuka kwamba sijashika ukuta. Mwezi wa nne baada ya fizio maumivu yalikuwa robo, halafu ukaja msiba nyumbani Tanga, nikasimama siku mbili na kukaa chini kwenye mkeka, kikarudi kwa wiki nzima, nikalia kwa kweli. Kikashuka tena chenyewe nilivyorudi kwenye ngazi. Desemba nilikuwa nimepona. Walio wengi wanapona ndani ya mwaka bila kupasuliwa, ila lazima ufanye.

Biashara usiache dada. Punguza kusimama pale ambapo si lazima. Vitunguu, nyanya, kuchambua mboga, vyote kata umekaa kwenye stuli ndefu, siyo kigoda kile cha chini maana kuinuka kwake nako ni mateso. Chapati sukuma umekaa. Pale mbele ya jiko unaposimama kupakua tandika mpira mnene, mimi nilipata kipande cha kapeti la mpira la gari nikakiweka nyuma ya kaunta, elfu nane tu, mpaka leo kipo na mwenzangu wa zamu naye anasimama hapohapo. Binti anayekusaidia mpe kazi ya kupeleka sahani, wewe baki jikoni. Na kila baada ya saa moja kaa dakika tano, vua kiatu, vuta vidole mara kumi, vaa, rudi kazini.

Niambie na jambo moja, asubuhi ukishuka kitandani huwa unavaa nini mguuni?