Mkutubi mgeni wa taarifa za kielektroniki: anza na mkataba

Ukipangiwa kusimamia taarifa za kielektroniki, watu watakuhimiza ujifunze programu. Jifunze, ila usianzie huko. Anza kwa kusoma mikataba.

Kitabu cha karatasi kikishalipiwa ni mali ya maktaba. Jarida la kielektroniki mara nyingi tunalikodi, na malipo yakikatika linaweza kufungwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla mkataba haujasainiwa, tafuta ndani yake: tukiacha kulipia, matoleo tuliyokwisha kuyalipia tutaendelea kuyasoma? Msomaji aliye nyumbani ataruhusiwa kuingia? Mgeni asiye mwanachama je? Tunaweza kuipelekea maktaba nyingine makala moja ikituomba? Nimewaona wakutubi hodari sana wa kompyuta wakikosa la kumwambia mhadhiri anayelalamika kwamba jarida alilolisoma mwaka jana halifunguki. Jibu lilikuwamo kwenye mkataba, kurasa za nyuma ambazo hakuna aliyezifikia.

Hofu ya kupoteza majarida kwa namna hii ndiyo iliyozaa mradi wa LOCKSS katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999. Maktaba nyingi hutunza nakala za majarida yaleyale kwenye seva zao, seva hizo hulinganisha nakala, na iliyoharibika hurekebishwa kwa iliyo nzima. Muulize mchapishaji kama majarida yake yamehifadhiwa kwa mpango wa aina hiyo. Akisitasita, andika jambo hilo kwenye faili.

Kuhusu metadata, yaani taarifa zinazoeleza kitabu au makala, kama mwandishi na tarehe: vipengele vya msingi vya Dublin Core, kiwango cha kuandika taarifa hizo, ni 15 tu, unaweza kuvifahamu kwa asubuhi moja. Kazi ngumu ni kuvijaza kwa namna moja kila siku. Leo jina la mwandishi limeanza na la ukoo, kesho mwenzako anaanza na la kwanza, keshokutwa mwingine anaandika herufi za mwanzo tu. Mfumo utamhesabu mtu mmoja kuwa waandishi watatu. Tarehe ni vivyo hivyo. 07/04/2019 ni Aprili au Julai? Andika 2019-04-07, na hakuna atakayebahatisha. Tungeni mwongozo mfupi wa idara, wenye mifano, na kila anayeingiza rekodi aufuate. Waandishi wenye namba ya ORCID, iingizeni; imekuwapo tangu 2012 na inamtambulisha mtu hata akibadili jina au chuo.

Takwimu za matumizi nazo zinataka utulivu, kwa sababu ndizo zinazoamua kipi kikatwe bajeti ikipungua. Ripoti nyingi za wachapishaji hufuata kanuni za COUNTER, kiwango cha kuhesabu matumizi ya majarida na vitabu vya kielektroniki. Katika toleo la 5, msomaji akifungua makala kwenye ukurasa wa wavuti kisha akapakua PDF ya makala hiyohiyo, hesabu ya jumla huandika mara mbili, ile ya makala za kipekee huandika mara moja. Ukilinganisha majarida, tumia hesabu moja kwa yote. Angalia pia ripoti ya waliozuiwa kuingia: inakuonyesha majarida ambayo watu wanayataka na maktaba haina. Na jarida likionekana halisomwi, usilihukumu kabla hujafungua kiungo chake kwenye katalogi yako. Huenda kimekufa tangu mchapishaji alipohamisha tovuti.

Programu nitazitaja kwa ufupi. Koha (ya kuendesha maktaba na katalogi yake) na DSpace (ya kuhifadhi kazi za kidijitali) ni huria, zina jamii kubwa za watumiaji, na ukizifahamu vizuri mifumo mingine haitakutisha. Lakini mfumo wowote unaoletewa, wa bure au wa kulipia, uliza kwanza jinsi ya kutoa rekodi zote siku mtakapohama. Kisha fanya jaribio hilo kweli, sawa na nakala rudufu: nakala ambayo hujawahi kuirejesha bado huna uhakika nayo.

Wiki yako ya kwanza, ondoka kwenye mtandao wa maktaba, chukua simu ya kawaida, na utafute makala moja unayojua mmeilipia. Ingia kwa akaunti ya msomaji, si ya mtumishi. Andika kila mahali ulipokwama, kila nywila iliyokataliwa, kila ukurasa uliokudai ulipe. Orodha hiyo mpelekee msimamizi wako, na mkae pamoja kuamua kipi kirekebishwe kwanza.