Mama anavuja damu: tusubiri maabara?

Dada, umeuliza kama mzazi anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua asubiri majibu ya maabara ndipo apewe asidi ya traneksami, dawa ya kusaidia damu iache kuvuja. Hapana, usisubiri! Mpe gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajifungue. Oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) na kukanda mfuko wa uzazi viendelee.

Wakati huohuo weka mililita 2 za damu yake kwenye kichupa kikavu cha kioo, ukifumbate kiganjani kipate joto. Baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu, kisha kila dakika. Zikipita dakika 7 tangu mwanzo bila donge, au donge likimeguka kirahisi, damu haigandi vizuri: daktari ajue hapohapo, damu ya kumwongezea iagizwe. Na mfunike, tafadhali. Mwili ukipoa, damu huganda kwa shida.