Je, wananchi wa kawaida wanaweza kubadili sheria ya utangazaji Uganda?

Ndugu uliyeuliza kama kikundi chenu cha wasikilizaji kina nguvu yoyote mbele ya sheria: kinayo. Ila msianze na maandamano, anzeni na kifungu. Someni Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013, mchague sehemu moja tu inayowaumiza. Mimi ningechagua marekebisho ya 2017, yaliyoondoa sharti kwamba kanuni za waziri zipitishwe kwanza na Bunge. Hapo ndipo sauti ya mwananchi ilipokatwa, na inaniuma sana.

Kisha pelekeni ombi la maandishi lenye sahihi za watu wa vijijini kwa mbunge wenu. Katiba inamruhusu kuwasilisha muswada binafsi. Bunge likikataa, Ibara ya 137 inampa mtu yeyote haki ya kufungua shauri Mahakama ya Katiba. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo kwa kesi iliyoanzishwa na waandishi wa habari wawili tu.

Redioni ombeni muda kwa lugha zenu. CBS, redio ya Kiluganda ya ufalme wa Buganda, ilipofungwa na serikali 2009, wasikilizaji wa kawaida ndio walioguswa kwanza.