Visa imetoka jana, London unalala wapi?

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza kitu kimoja, mtu anaenda London, muda umeisha na hela ni ya kuhesabu. Tumechagua nne.

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Nina kakampuni ka utalii hapa Arusha, magari mawili tu, na mwaka huu nimejikaza niende World Travel Market, yale maonyesho ya utalii ya London, mwezi wa kumi na moja. Visa imetoka jana na maonyesho ni wiki ijayo. Hoteli za karibu na ExCeL, ukumbi wa maonyesho yenyewe, nikiziangalia kwenye simu bei zake si za kitoto, na nyingi zimejaa. Nina paundi 80 kwa usiku, nikizidi hapo nakula mtaji. Nifanyeje? Mdau, Arusha

JIBU: Hongera ya visa, na pole ya hizo bei. Kwanza acha kutafuta "hoteli karibu na ExCeL", maana kila anayekwenda kwenye hayo maonyesho, kuanzia Mbrazili mpaka Mhindi, anaandika hayo hayo maneno wiki hiyo hiyo, na hoteli zinalijua hilo vizuri sana. London ukichelewa hutafuti ukaribu, unatafuta laini ya treni. ExCeL ina bahati moja, stesheni ya Custom House iko pale pale mlangoni na inapitiwa na Elizabeth line, ile reli iliyofunguliwa 2022. Kwahiyo chukua ramani ya hiyo laini halafu utafute chumba stesheni kwa stesheni. Upande wa mashariki Woolwich ni kituo kimoja tu kutoka Custom House, Abbey Wood ni cha pili. Upande wa magharibi ruka kabisa katikati ya mji (wenzako wanaokwambia ukakae katikati sijui wana hela za nani) nenda kaangalie Ealing, Southall, Hayes, huko karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow kuna mahoteli mengi ya watu wa kuunganisha ndege na mara nyingi bei zake zimetulia kidogo. Kutoka Hayes mpaka Custom House ni kama dakika 40 na ushee umekaa kwenye treni moja, hubadilishi kitu. Wewe Arusha foleni ya Kilombero tu jioni inakula muda gani?

Ila kuna mtego hapo, watu wengi wanaingia. Elizabeth line ikifika Whitechapel inagawanyika, tawi moja linaenda Custom House mpaka Abbey Wood, lingine linaenda Stratford, Ilford na kuendelea. Ukikuta chumba cha bei nzuri Ilford sio kibaya, ila ujue kila asubuhi utarudi mpaka Whitechapel ubadilishe treni. Na ukiwa Stratford wala usihangaike nayo, panda treni ya laini ya Jubilee mpaka Canning Town halafu treni ndogo ya DLR mpaka Custom House.

Halafu hesabu nauli humo humo. Chumba kikiwa na nafuu ya paundi 15 na nauli ya kwenda na kurudi ikala 10 umeokoa paundi 5 tu, na uchovu juu yake. Treni na basi unagusa tu kadi ya benki ile yenye alama ya mawimbi, wanajumlisha safari zako za siku nzima na wana kikomo cha makato kwa siku, ila mradi utumie kadi ile ile kila unapogusa, ukigusa asubuhi kwa kadi na jioni kwa simu wanakuhesabu watu wawili.

Sasa hiyo paundi 80. Wiki ya maonyesho inawezekana, ila usitegemee kuchagua dirisha linatazama wapi. Anza na Travelodge, Premier Inn, ibis, zile zenye matawi kila kona, ingia kwenye tovuti zao wenyewe sio kwenye programu za kulinganisha tu maana bei wakati mwingine zinapishana. Leo hii shika chumba chochote unachokimudu chenye ruhusa ya kufuta bure, hata kama ni ghali kidogo, hicho ni cha kuzuia usilale nje. Halafu endelea kuchungulia kila siku asubuhi na usiku. Siku mbili tatu kabla ya maonyesho kuna makampuni yalishika vyumba kumi na watu waliokuja ni sita, wanavirudisha kabla tarehe yao ya kufuta haijapita, na hapo ndo bei inaweza kushuka ghafla. Ukipata cha nafuu, futa kile cha kwanza, ila soma saa ya mwisho ya kufuta maana ukipitiliza unalipa vyote viwili. Bei zile za chini kabisa ambazo hazirudishwi usiziguse mpaka uwe na uhakika hubadilishi kitu.

Tafuta pia mwenzako. Hoteli nyingi kule zinalipisha chumba, sio kichwa, kwahiyo chumba cha paundi 120 mkiwa wawili ni 60 kila mtu, na sidhani kama Arusha nzima ni wewe peke yako unayekwenda, uliza kwenye makundi ya WhatsApp ya mawakala leo hii. Mkikipata hakikisheni mmebonyeza cha vitanda viwili, la sivyo mtalala mzungu wa nne na suti zenu zimening'inia dirishani.

La mwisho kwako ni kadi. Piga simu benki kabla hujaondoka, uliza kadi yako imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Ukishika chumba kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, ujue hoteli nyingine ukifika wanataka kadi ya kushikika mkononi na wanazuia kiasi cha dhamana, hawakati ila hela inakaa imefungwa siku kadhaa, na wewe ulishaipangia bajeti.

SWALI: Hujambo mhariri. Mimi ni dada wa Mombasa, nina kozi fupi London karibu na Euston na nimeambiwa hostel ndo rahisi. Lakini naogopa kulala chumba kimoja na wanaume nisiowajua, na mimi navaa hijabu. Hizi hostel zikoje?

JIBU: Sijambo dada. Hosteli unalipia kitanda, sio chumba, kwa kawaida paundi 20 mpaka 50 kutegemea siku na msimu, wikendi inapanda. Vyumba vya mchanganyiko ndo vingi lakini hosteli kubwa karibu zote zina vya wanawake watupu, vinaweza kuzidi bei kidogo na vinaisha mapema kwahiyo usingoje. Karibu yako kabisa kuna YHA St Pancras, iko Euston Road yenyewe unatembea kwa miguu, na Generator maeneo ya Russell Square sio mbali. Beba kufuli dogo la kwako maana kabati lipo ila kufuli mara nyingi unauziwa, taulo nayo hivyo hivyo inakodishwa. Chagua kitanda cha chini ukiweza, ukifunga shuka au leso kwenye fremu ya kitanda cha juu unapata pazia lako, unavua hijabu na kulala kwa raha. Angalia kama wana jiko la wageni, ukipika chai na wali wako jioni umeokoa hela nyingi kuliko hiyo tofauti ya kitanda. Mapokezi wanaweza kukuuliza namba ya pasipoti na unakokwenda baada ya hapo, usishtuke, ni sheria yao kwa wageni wa nje, ingawa sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola inatudai jina na uraia tu.

SWALI: Salaam. Mimi ni mzee wa Tanga, binti yangu anahitimu London mwezi wa saba, na mimi na mama yake tumepata visa dakika za mwisho. Kuna binamu yangu anakaa huko miaka mingi na mke na watoto watatu. Si tufikie kwake tu?

JIBU: Shikamoo baba, na hongera ya binti. Kufikia kwa ndugu ni haki yako, ila mpigie kabla hujakata tiketi, na umuulize kwa namna atakayoweza kusema hapana bila aibu. Nyumba za kule ni ndogo kuliko tunavyodhani, watu watano kwenye vyumba viwili ni jambo la kawaida, na kama amepanga mkataba wake unaweza kuwa na masharti ya wageni, akiwaweka wiki tatu anajitafutia matatizo yeye. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kule jembe lenyewe hamna, yeye na mkewe wanatoka alfajiri kazini mnabaki mmefungiwa na televisheni. Mimi ningekaa kwake wikendi moja, mle, mzungumze, siku nyingine nilale kwangu. Na kwenye mabegi msimbebee nyama wala maziwa ya aina yoyote, kutoka huku haviruhusiwi kuingia, vitaishia uwanja wa ndege.

Mwezi wa saba una mlango mmoja ambao watu wa huku wengi hawaujui, mabweni ya vyuo. Wanafunzi wakienda likizo, kuanzia mwisho wa Juni hivi mpaka Septemba, vyuo vinapangisha vyumba vyao kwa mtu yeyote. Chuo kikuu cha LSE wanafanya hivyo na mabweni yao kadhaa yako katikati kabisa, yale ambayo hoteli ya jirani yake hamuigusi. Chumba ni cha mwanafunzi, kitanda chembamba na meza ya kusomea, bafu pengine la pamoja, kwahiyo kwa umri wenu ulizeni chenye bafu ndani na kama lifti ipo. Mwambieni binti aulize na chuoni kwake pia. Zile nyumba za watu za kupanga kwa siku siwapendekezei kwa siku tatu nne, ada ya usafi peke yake inaweza kufuta nafuu yote, na kuna mtu amenionyesha tangazo la chumba safi Kensington, mtaa wa matajiri, kwa bei ya Manzese ambalo mwenyewe anataka atumiwe hela yote kwanza kwa Western Union. Baba, hata akituma picha ya pasipoti, usitume hata senti.

SWALI: Ndege yangu inatua Heathrow usiku sana, kulipia hoteli kwa masaa manne naona uchungu. Nilale pale pale?

JIBU: Kama ni usiku wa Ijumaa au Jumamosi treni ya Piccadilly inatembea usiku kucha, ila haigusi Terminal 4. Siku zingine kuna basi la usiku, N9, linatoka Heathrow mpaka Aldwych katikati ya mji, nauli ya basi mwaka 2025 ilikuwa paundi 1.75 na ukigusa kadi hiyo hiyo ndani ya saa moja basi linalofuata hulipii. Hizo treni za haraka za kutoka uwanjani zina bei ya ajabu, na Piccadilly nauli yake ni chini ya nusu ya Elizabeth line ukiwa unaenda katikati. Kulala uwanjani kunawezekana, ila viti vina mikono katikati na taa haizimwi. Chukua basi.