Paradido ikivunjika ukiongeza kasi: sikiliza pigo la nne

Ndugu yangu, umesema huu mwezi wa pili unafanya paradido, lile zoezi la vijiti viwili kwenye ngoma, polepole inatoka safi, ukiongeza kasi inavunjika na mkono wa kushoto unabaki nyuma. Tatizo hilohilo nimekaa nalo karibu mwaka mzima hapa Kisauni, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Mpangilio unaujua: K S K K, S K S S (K ni mkono wa kulia, S wa kushoto). Kila baada ya mapigo manne mkono unaoongoza unabadilika, na wengi tunadhani ugumu uko kwenye kubadilisha huko. Haupo hapo. Sikiliza pigo la nne, lile la pili katika K K. Linakufa. La tatu umelipiga, la nne limejiangukia tu, na upande wa kushoto, kwenye S S, halisikiki kabisa. Mimi niligundua siku niliyojirekodi kwa simu.

Nikaiacha paradido wiki tatu nzima. Nikawa napiga K K S S peke yake, metronomu (kifaa cha kupima mwendo) kwenye milio 60 kwa dakika, mapigo manne kwa kila mlio. Kijiti nakishika kwa gumba na kidole cha shahada, vile vidole vitatu vingine vinakigusa bila kubana. Pigo la kwanza linatoka kwenye kifundo cha mkono, kijiti kinadunda, vidole vinakivuta kwa la pili. Pedi yangu ya kupigia mazoezi ilikuwa kipande cha ubao nilichokivalisha tyubu kuukuu ya lori. Wapo watakaokwambia upigie mto. Mto unajenga nguvu, sawa, lakini haurudishi kijiti, na wewe unachokitafuta sasa ni huko kurudi.

Ukiirudia paradido, tia mkazo pigo la kwanza peke yake. Hilo lishuke kutoka juu. Mengine matatu kijiti kisipande zaidi ya upana wa vidole viwili juu ya ngozi. Kasi inapatikana hapo. Ukiyapiga yote kwa kimo kimoja mkono hauwahi, hata ufanye mazoezi mpaka usiku. Na kila siku anza na kushoto, S K S S. Kwenye foleni ya feri Likoni nimepiga paradido mapajani nyingi kuliko nilizozipiga kwenye sneya, ile ngoma ndogo ya dramu.

Kwa kuwa bendi yenu inapiga harusini: paradido hii usiilazimishe ndani ya chakacha, ile ngoma ya harusi za pwani. Niliilazimisha kwenye harusi moja Majengo, msondo, ile ngoma ndefu ya chakacha, ukaenda kwake, mimi kwangu, na akina mama waliokuwa wakicheza wakasimama. Chakacha inakwenda kwa mapigo sita, nayo paradido inakwenda kwa manne manne. Jifunze paradido ile ya mapigo sita, K S K K S S: mkono wa kulia unarudi mwanzoni kila mara na unakutana na msondo palepale.

Metronomu ipandishe milio 4 kwa dakika kila mara, na usiiguse mpaka S S yako kwenye rekodi isikike sawasawa na K K.