Kukamata ndama kwa kamba: anza na mikono, kurusha kutakuja

Wadau habari zenu, tangu niposti zile picha niko juu ya farasi hapa Texas watu wananiuliza inboksi huu mchezo wa rodeo, wa kumkimbiza ndama ukiwa juu ya farasi, kumnasa kwa kamba, kushuka na kumfunga miguu kwa muda mfupi kuliko wenzako, mtu anajifunzaje, basi leo naandika yaliyonikuta mwenyewe, mwaka wa nne sasa naucheza wikendi nje kidogo ya Houston.

Kosa langu nilidhani kazi yote ni kurusha. Nikakomaa na kitanzi miezi na miezi, siku nimeingia mashindano madogo ndama nikampata safi kabisa, nikashuka mbio, nikamlaza, nikamfunga, nikanyoosha mikono juu. Ukishanyoosha mikono huruhusiwi kumgusa tena, unapanda farasi unasogea mbele ile kamba iliyofungwa kwenye tandiko ilegee halafu refa anahesabu sekunde 6. Hata hazijaisha, ndama kapiga teke moja, fundo likaachia, akainuka akaenda zake. Sikuandikiwa muda wowote na kiingilio nishalipa, aisee iliniuma.

Kwa hiyo anza na kufunga. Kile kikamba kifupi unachokuja nacho umekiuma kwenye meno, miguu mitatu, zungusha mara mbili, pitisha fundo, kaza mpaka usikie kimebana.

Halafu mtafuteni Fred Whitfield kwenye video. Mtu mweusi, kakulia Cypress huku huku jirani na Houston, bingwa wa dunia wa mchezo huu mara 7 kati ya 1991 na 2005, na 1999 akabeba na ubingwa wa jumla wa michezo ya rodeo, mweusi wa kwanza kuupata. Mi namwangaliaga mikono tu, ina kasi lakini haina papara hata kidogo, na farasi wake nyuma kule anavuta kamba isilegee bila mtu mgongoni, hiyo nayo ni kazi ya miaka.

Na usitoke mapema! Ndama lazima atangulie, ukivunja ile kamba ya kizuizi inayotandazwa mbele ya farasi wako kabla haijaachiwa unaongezewa sekunde 10, wakati wakali wanamaliza kwa 7 au 8, yaani hapo umeshapotea.

Kazi usiache kwanza, huku hakuna mshahara, dizeli na kiingilio ni mfuko wako.

Mi sa hivi kila usiku nalaza stuli ya jikoni nafunga miguu yake mitatu, wife anahesabu mpaka sita halafu anaitikisa kwa nguvu zake zote.